Masta iko kwa nani?

Abiria anayesubiri boti ya Kinesi au ya kisiwa cha Rukuba pale Mwigobero, Musoma, hakosi pa kupata muvi. Zamani alinunua kanda, baadaye DVD. Siku hizi anamkabidhi kijana wa kompyuta flashi yake, na boti haijajaa muvi zimeshaingia. Nyingi ni za Kikorea, za Kihindi na za Kimarekani, zimetafsiriwa na ma-DJ waliofuata nyayo za mtangulizi wao, DJ Lufufu. Bongo Muvi za kabla ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwaka 2012 bado zinaulizwa, lakini zikipatikana picha imechoka: nyuso zimegeuka vipande vya mraba, sauti inakwaruza, na chini inapita namba ya simu ya msambazaji ambayo pengine haipokelewi tena.

Ulaya na Marekani uchovu wa namna hiyo ni mtaji. Kuna kampuni zinazoishi kwa kutafuta filamu za zamani za bei rahisi, hasa za majambazi na mapigano, kuzisafisha na kuziuza upya kwa watu wa kutazama nyumbani. Detour ya mwaka 1945, filamu ya uhalifu iliyotengenezwa kwa bajeti finyu Hollywood, haki zake hazikuhuishwa, kwa hiyo kila aliyetaka aliinakili na kuiuza, na nakala zilizidi kuwa mbovu mwaka hadi mwaka. Mwaka 2018 ilisafishwa kwa msaada wa nakala nzuri iliyokuwa imehifadhiwa Ubelgiji, na kampuni ya Criterion ikaitoa kwenye Blu-ray mwaka uliofuata. Walioipenda kwa miaka mingi wakaweza kuiona ilivyokuwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo ya Ziwa Victoria. Mwaka 2010, huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, kisa cha kapteni wa jeshi anayekabiliana na genge liitwalo Tiger Mafia. Gharama yake inatajwa kuwa haikufika dola 200 za Marekani. Silaha zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, kompyuta ya kuhariria iliungwaungwa kwa vipuri vya mtumba, na waigizaji wenyewe walitembeza DVD nyumba kwa nyumba na kugawana mapato na mtengenezaji. Walilazimika kuwahi, maana nakala za wizi hazikuchelewa kuzagaa. Kisha diski ya kompyuta ikajaa. Nabwana hakudhani kama kuna mtu nje ya mtaa wake angeitaka filamu ile, akaifuta apate nafasi ya kazi inayofuata.

Masta, yaani nakala mama ya filamu, ilipotea hivyo. Iliyobaki ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, anayepiga kelele, kutania na kushangilia ngumi juu ya picha, kama ilivyo desturi ya vibanda vya video vya Kampala. Nakala hiyo hiyo ndiyo iliyotazamwa na mamilioni kwenye YouTube. Mwaka 2015 Nabwana aliomba dola 160 kupitia Kickstarter ili atengeneze filamu nyingine, akachangiwa zaidi ya dola 13,000. Miaka michache baadaye American Genre Film Archive, taasisi isiyo ya faida ya Texas, iliitoa Captain Alex kwenye Blu-ray pamoja na Bad Black, kazi nyingine ya Nabwana.

Sasa, kiufundi hapo hapakuwa na cha kufufua. Picha ya DVD katika mfumo wetu wa PAL ina nukta 720 kwa 576. Ya Blu-ray ina 1,920 kwa 1,080, yaani mara tano kamili. Ukiikuza ya kwanza ijaze ya pili, katika kila nukta tano utakazoziona nne zimebuniwa na programu. Detour ilipigwa kwenye mkanda wa milimita 35, ambao umebeba mengi kuliko DVD inavyoweza kuonyesha; ukiuskani upya unapata kitu kipya. Captain Alex haina mkanda wa kurudia. Mnunuzi wa Texas alinunua picha mbovu akijua ni mbovu, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusaini naye. Nabwana hakuwa na masta, lakini filamu ilikuwa yake.

Kwetu mambo yamepinduka. Tangu Girlfriend ya George Tyson ya mwaka 2003 iwashe moto wa Bongo Muvi, kazi nyingi zilirekodiwa kwenye kanda ndogo za MiniDV, na baadhi ya kanda hizo bado zipo kabatini kwa watu. Picha yake hutiririka kwa megabiti 25 kwa sekunde, wakati ya DVD haifiki 10. Saa moja ya kanda inachukua takriban GB 13, kwa hiyo muvi ya saa mbili, Part One na Part Two, inaingia kwenye flashi moja ya GB 32. Kanda ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato. Ikishaingia kwenye kompyuta, kazi ya kwanza ni kuondoa ile mistari kama meno ya kitana inayojitokeza mtu akikimbia, halafu rangi, halafu sauti. Fundi mtulivu mwenye kompyuta ya wastani anaiweza.

Kikwazo ni karatasi. Enzi za DVD watengenezaji wengi waliuza filamu na haki zake zote kwa mkupuo kwa wasambazaji wa Dar es Salaam, Steps Entertainment ikiwa jina kubwa kuliko yote. Pesa ilipokewa mara moja, haki zikaondoka, mara nyingine pamoja na masta. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilileta stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki ili kubana wizi, lakini flashi haibandikwi stempu, na soko la DVD likafifia. Leo kazi za Kiswahili zina pa kuonyeshwa: chaneli za Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo, na YouTube. Lakini televisheni makini haitalipia kazi ambayo muuzaji wake hawezi kuonyesha kuwa ni yake, na YouTube huishusha mwenye haki akilalamika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda kazi hizi kwa miaka 50, kwa hiyo za mwaka 2003 zitakuwa na mwenyewe mpaka miaka ya 2050. Anayesubiri haki ziishe kama za Detour atasubiri sana.

Ndiyo maana sishauri mtu wa Musoma akope fedha anunue programu za kusafisha picha kabla ya kuwa na mkataba mkononi. Biashara iliyo salama kwa sasa ni ya kuhamisha kanda kwa malipo: filamu, harusi, kwaya. Kamera na deki za MiniDV hazitengenezwi tena, zilizobaki zinakufa moja moja, na unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye kanda zisizohifadhiwa vizuri.

Kwa hiyo wewe uliyewahi kutengeneza muvi, au mjane au mtoto wa aliyetengeneza: tafuta kanda, ihamishe mwaka huu, weka nakala mbili mahali tofauti. Kisha tafuta ule mkataba uliosainiwa na msambazaji, usome uliuza nini na kwa muda gani, na uende nao COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa picha.