Tuiite Ngogwe kwa Jina Lake

Aghalabu sisi wanaisimu hulaumiwa kwamba tunashughulika na maneno ilhali wananchi wanataka chakula. Leo naomba ruhusa ya msomaji nisimulie jinsi jina moja lilivyoninyima soko, na jinsi lilivyomwumiza jirani yangu kuliko lilivyoniumiza mimi.

Nina kishamba kisichozidi robo ekari karibu na Tala. Mwaka juzi nilitenga mistari kumi nikapanda ngogwe, lile tunda dogo jeupe au la kijani linalofanana na yai, ambalo wengine huliita nyanya chungu. Mbegu sikuzinunua dukani. Nilipata matunda machache katika soko la Muthurwa jijini Nairobi, nikayaacha yakaiva hadi yakawa mekundu, nikayakamua mbegu, nikaziosha na kuzianika kivulini. Miche ilikaa kitaluni yapata wiki sita, kisha nikaipandikiza kwa nafasi ya sentimita 75 katika mashimo yenye samadi. Ilizaa vizuri. Alfajiri ya mavuno ya kwanza nilipakia magunia mawili katika matatu, nikarudi Muthurwa kule kule mbegu zilikotoka.

Nilimwendea mama mmoja muuza mboga.

“Mama, nimekuletea ngogwe.”

“Ngogwe ndiyo nini, mzee?”

“Nyanya chungu.”

“Nani atanunua nyanya iliyokwisha kuwa chungu?”

Nikaona nimweleze kisomi. Nikamwambia kwamba hizi ni biringanya za Kiafrika. Akaokota moja, akaigeuzageuza, akanirudishia kwa upole. “Biringanya ni zile kubwa za zambarau. Hizi zako zilikosa mbolea.”

Nilizunguka na jibu la namna hiyo kwa muda wa saa mbili. Hatimaye mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alisimama ghafla mbele ya gunia lililo wazi. “Entula! Ssebo, hizi umezitoa wapi?” Hakuuliza ladha wala matumizi. Alinunua gunia zima, akaniomba nimletee jingine wiki ijayo. Matunda yalikuwa yale yale na bei ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alikuwa na jina la kitu alichokiona.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikakuta habari mbaya. Jirani yangu, mjane niliyemshawishi mimi mwenyewe apande mistari minne, alikuwa ameng’oa miche yake yote siku mbili kabla. Alikuwa amebeba kikapu hadi soko la karibu, akaulizwa anauza nini, akajibu kama nilivyomfundisha: “Biringanya ya Kiafrika.” Akachekwa. Mmea huo ukitunzwa huendelea kuzaa kwa miezi. Wake ulikuwa ndio kwanza umeanza. Mimi, mwalimu wa lugha, nilimpa mbegu njema na jina bovu.

Tangu siku hiyo nimelitafakari sana jambo hili. Katika taaluma yetu tunajua kwamba jina tupu, lisilo na kivumishi, hupewa kile ambacho jamii inakiona cha kawaida. Kile kinachoonekana cha pembeni huongezewa sifa. Tunasema “kuku” na “kuku wa kienyeji”, “mboga” na “mboga za kienyeji”. Mwenyeji ndiye anayelazimika kujieleza! Nyanya tunayoila kila siku ilitoka Amerika Kusini na kuenea duniani baada ya 1492. Biringanya ya zambarau ilianza kulimwa Asia, na jina lake ni la safari ndefu: Waajemi waliliita bādingān, Waarabu wakalichukua, likaingia Kireno likawa berinjela na Kifaransa likawa aubergine. Letu ni la ukoo huo huo. Hawa wawili ni wageni wetu waheshimiwa, na sina ugomvi nao. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; sisi tulimpa hati ya nyumba, kisha tukamwita mwenye nyumba kwa jina la mgeni. Ngogwe, iliyotokana na mmea wa porini wa Afrika, leo ni “nyanya” iliyo chungu au “biringanya” iliyo ya Kiafrika.

Tazama walivyofanya wenzetu waliokuwa katika dhiki kubwa kuliko yetu. Watu waliotekwa utumwani na kuvushwa Bahari ya Atlantiki walifika Brazili na zao hili. Huko linaitwa jiló, jina ambalo wataalamu hulihusisha na njilu ya Kikimbundu cha Angola. Mtumwa alinyang’anywa hata jina lake mwenyewe, lakini jina la chakula chake halikupotea. Wataalamu wa mimea walipogawanya aina za Solanum aethiopicum katika makundi, kundi la matunda wakaliita Gilo, kwa kufuata jina hilo la Brazili. Watanzania nao wanasema ngogwe bila kuona haya, wakaipika na bamia au dagaa. Waganda wanasema entula, Wanyarwanda wanasema intoryi. Ni hapa Nairobi tu tunapobabaika.

Na Muthurwa si mahali pa kubabaika. Mtaa huu ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na reli hiyo iliwaunganisha watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika hadi shirika la pamoja lilipovunjika 1977. Soko lenyewe lilifunguliwa 2008 ili kuwapokea wachuuzi waliokuwa katikati ya jiji. Ukisimama hapo kwa saa moja utasikia lugha nyingi. Kiswahili kilichowawezesha watu hao kusalimiana na kupatana bei hakishindwi kuwapa neno moja la tunda moja.

Najua kuna atakayepinga kwamba tatizo si jina bali ni uchungu. Hoja hii ina uzito, lakini si wote. Ngogwe hutofautiana: zipo chungu sana na zipo zilizopoa, hasa zikichumwa changa kabla hazijageuka rangi. Isitoshe, Wanairobi hawa hawa hula managu, yaani mnavu, ambao nao una uchungu wake. Miaka ya 1990 watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango walianza kuzichunguza mboga hizo kwa makini, wakati ambapo wengi waliziona magugu au chakula cha maskini. Leo zinauzwa hata katika maduka makubwa. Sisemi jina peke yake ndilo lililozikweza. Utafiti, mbegu bora na mafunzo ya lishe yalifanya kazi kubwa. Hata hivyo, zilipopanda hadhi zilipanda na majina yake: managu, saga, terere, kunde. Hakuna aliyeona haja ya kumwita mnavu “spinachi ya Kiafrika”.

Sayansi haikuisahau ngogwe. Mnamo 2019 watafiti walichapisha ramani ya jenomu yake, chini ya muungano wa kimataifa unaoshughulikia yale wanayoyaita mazao yatima ya Afrika, wenye maabara yake Gigiri, papa hapa Nairobi. Nia yao ni njema, na neno “yatima” linamaanisha zao lililonyimwa utafiti. Lakini yatima huyu ana majina ya ukoo kutoka Angola hadi Unguja. Anachokosa ni jamaa wa kumwita.

Ndiyo maana naandika kwa walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, unamtaka mwanafunzi atende na si kukariri tu. Basi mstari mmoja wa ngogwe katika bustani ya shule ni somo la kilimo na la Kiswahili kwa pamoja. Mwanafunzi ajifunze kwamba haipandwi palipotoka nyanya, viazi, pilipili au mnavu, kwa kuwa jamaa hao huambukizana mnyauko na minyoo ya mizizi. Ajifunze kukagua upande wa chini wa majani kutafuta utitiri mwekundu, kuchuma kila wiki ili mmea uendelee kuzaa, na kuacha matunda machache ya mmea bora yaive kwa ajili ya mbegu. Kisha aandike kibao na kukichomeka mwanzo wa mstari: NGOGWE. Chini yake, kwa herufi ndogo, kila mwanafunzi aongeze jina analolitumia nyanya yake nyumbani. Mwalimu atashangaa jinsi kibao kitakavyojaa.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nimeanza upya. Msimu uliopita nilimpelekea jirani yangu miche mingine, akaitazama kwa muda mrefu bila kuipokea. Akaniuliza, “Mwalimu, safari hii nikiulizwa sokoni niseme nini?” Nikamwambia aseme ngogwe, na anayeuliza akiwa Mganda, aseme entula. Alirudia maneno hayo mawili polepole, kisha akaichukua miche.