Kimya Si Kifo: Msimamizi wa Seva na Mlinzi wa Mtandao

Mto Tana ukifurika, vijiji vya kando yake hugeuka visiwa. Watu wa Kaunti ya Tana River nchini Kenya waliyaona hayo katika mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, wakayaona tena 2018 na mwishoni mwa 2023. Barabara ikimezwa na maji na simu zikikosa mtandao, aliye mjini Hola hasikii lolote kutoka kwa jamaa zake wa Kinakomba. Hata hivyo, haweki matanga kwa sababu simu haikupokelewa. Kwanza hujiuliza: wamepatwa na jambo, au njia ndiyo iliyokatika?

Swali hilo wanaoendesha kompyuta nyingi kwa pamoja wanapaswa kujiuliza kila siku, na mara nyingi mitambo yao haijafundishwa kuliuliza.

Siku hizi huduma kubwa haitegemei kompyuta moja. Seva kadhaa huunganishwa zikafanya kazi kama moja, na mafundi huuita mkusanyiko huo klasta. Klasta huhitaji msimamizi, yaani programu inayoamua kazi ipi ifanywe na seva ipi, na seva moja ikifa, kazi zake zihamie wapi. Inayojulikana zaidi ni Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni mshika usukani.

Kando ya msimamizi huyo kuna mlinzi: programu ya kufuatilia mtandao, kama Nagios, Zabbix au Prometheus. Mlinzi hupita kwa kila ruta, swichi na mnara wa mawasiliano akiuliza: upo? Mzigo wako ni kiasi gani? Vifaa vingi humjibu kwa itifaki ya SNMP, inayotumika tangu 1988.

Msimamizi anazijua kazi na seva zake. Mlinzi anazijua njia. Wasiposemezana, kila mmoja anabaki na nusu ya habari.

Tuseme zahanati moja ya Kinakomba ina seva iliyo ndani ya klasta moja na seva za Hola. Mvua inanyesha, na mnara wa katikati unaishiwa na umeme. Kwa kawaida kila seva humpelekea Kubernetes salamu baada ya kila sekunde 10. Salamu zikikosekana kwa takriban dakika moja, seva huandikwa kuwa hali yake haijulikani. Dakika 5 zikipita, msimamizi huamuru kazi zake zianzishwe kwingine. Lakini seva ya zahanati haijafa. Muuguzi bado anaandika humo habari za wagonjwa, huku nakala ya pili ya programu ileile ikianza kazi Hola. Njia ikifunguka, kumbukumbu zinaweza kuwa zimeachana, na kuzipatanisha ni kazi ya kukesha.

Mlinzi angejua mapema kwamba mnara ndio ulionyamaza. Nagios, kwa mfano, ikielezwa kifaa kipi kiko nyuma ya kipi, hutofautisha kilichozimika na kisichofikika. Lakini mlinzi asiyeijua klasta naye hupotosha: hupiga kengele moja kwa kila programu, na fundi hupokea jumbe nyingi za tatizo moja.

Kuwaunganisha wawili hawa si kazi ya ajabu. Kwanza, mlinzi achukue orodha ya seva na kazi kutoka kwa msimamizi mwenyewe, maana ndani ya klasta anwani hubadilika kila mara na orodha ya mkono huchakaa siku hiyohiyo. Prometheus hufanya hivyo kwa kuiuliza Kubernetes moja kwa moja. Pili, majina yafanane: seva inayoitwa hivi kwa msimamizi isiitwe vingine kwa mlinzi. Tatu, mlinzi aelezwe utegemezi, ili mnara ukizimika kengele za vilivyo nyuma yake zinyamaze na ibaki moja tu. Nne, apewe ruhusa ya kusoma, asipewe ya kubadilisha; atakayeiba ufunguo wake asiweze kuizima klasta nzima. Tano, asiishi ndani ya klasta anayoilinda. Anayeangalia maji yakipanda husimama mahali pa juu.

Kisha zile dakika 5 za kusubiri zipimwe upya. Zinafaa pale seva zinapokaa chumba kimoja, waya mfupi kati yake. Kwa seva iliyo mbali, nyuma ya njia inayokatika kila masika, muda huo uongezwe. Mara nyingi ni bora zaidi zahanati iwe na mtambo wake unaojitegemea na kupatanisha kumbukumbu njia ikiwa wazi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mitambo yetu nayo ifundishwe kukisikiliza kimya kabla ya kukitolea hukumu. Kabla ya kutafuta programu nyingine, chukua karatasi uchore seva ipi iko nyuma ya mnara upi. Mchoro huo ukiingia kwa mlinzi, fundi wa Hola atapokea ujumbe mmoja: mnara umezimika, seva za nyuma yake hazifikiki. Atafunga betri kwenye pikipiki na kuelekea mnarani, badala ya kukesha akiitibu seva nzima.