Neno la Leo: Mjamzito

Fungueni madaftari. Leo tutachambua neno moja: mjamzito.

Ndani yake mna maneno mawili. Mja ni binadamu, kiumbe wa Mungu. Mzito ni mwenye uzito. Basi mjamzito ni mtu aliyeelemewa na uzito.

Neno mimba ni la Kibantu, wala si tusi. Mkulima wa mpunga husema, "Mpunga umebeba mimba," suke likiwa bado limefichika ndani ya majani. Lakini kwa mtu, wengi huona mjamzito ni neno la adabu zaidi.

Liko na neno la tatu, himila. Asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na kubeba. Ndugu zake ni hamali, yaani mchukuzi wa mizigo, na stahimili.

Mwaona? Maneno yenyewe yatuambia kwamba mama huyu amekwisha kubeba mzigo. Basi wewe bwana, ukimwona mkeo anatoka kisimani na ndoo kichwani, mpokee. Tena mwende naye kliniki mapema, kabla ya majuma 12 ya mimba kupita. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aonane na wahudumu wa afya walau mara 8 kabla ya kujifungua.

Sasa andikeni, kisha msome kwa sauti: Mjamzito asibebe mizigo miwili.

Kwaherini.