Pikipiki imfaayo anayerejea barabarani

ALIYEKAA miaka kumi bila kuendesha pikipiki hukumbuka klachi na gia upesi. Kinachochelewa kurudi ni wepesi wa kukadiria kona na kufunga breki, nao ndio unaookoa maisha.

Wengi wa wanaorejea huvutiwa na kruza za kimichezo, ambazo kiti chake ni cha chini na injini yake ina nguvu tele. Hata hivyo, hazilingani.

Yamaha VMAX ya mwaka wa 2009 ilikuwa na injini ya 1,679cc na uzani wa karibu kilo 310. Honda Rebel 500 ina injini ya 471cc, kilo 190 hivi, na kiti kilicho sentimita 69 kutoka ardhini. Katikati ipo Kawasaki Vulcan S ya 649cc, ambayo vikanyagio vyake husogezwa kulingana na urefu wa mwendeshaji.

Uzani husumbua zaidi pikipiki inapogeuzwa polepole au kusukumwa. Kwa hivyo, mnunuzi aikalie kwanza, nyayo zote mbili zikanyage chini, kisha aisukume mwenyewe.

Breki za ABS ni muhimu, kwani huzuia magurudumu kukwama mwendeshaji anapozifinya kwa hofu.

Iwapo pikipiki imetumika, atazame tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira uliozeeka huteleza, hata kama haujalika.

Zaidi ya yote, atenge sehemu ya fedha zake kwa mafunzo na helmeti mpya.