Mifumo ya Taarifa Hospitalini, Sehemu ya Tano: Daftari la Falaji na Faili la Mgonjwa

Sehemu ya nne tuliiachia pale vituo vya afya vya vijijini vilipounganishwa na hospitali za mikoa, na mgonjwa wa Al-Mudhaibi akawa hana haja tena ya kubeba bahasha ya rufaa mkononi mpaka Ibra. Wiki hii nilikusudia kueleza namna picha za eksirei zinavyotoka Sur zikasomwa Muscat bila ya filamu. Nimeliweka kando hilo. Tangu tarehe 1 Januari 2026 uchunguzi wa afya kabla ya ndoa umekuwa sharti la sheria kwa Waomani wanaotaka kuoana, na sisi tunaozungumza Kiswahili huku Sharqiyah hatuna mazungumzo mengine barazani. Zamani ilikuwa hiari. Atakaye alipima, asiyetaka aliacha. Sasa hakuna posa itakayofika kwa kadhi bila ya damu kupita maabara kwanza, kuangaliwa selimundu, thalasemia, homa ya ini ya B na C, na virusi vya Ukimwi.

Wenzangu wanajadili posa zitakazovunjika. Mimi swali langu ni jengine: majibu hayo yataandikwa katika daftari gani, kwa jina la nani, na kwa mkono wa nani?

Nasema daftari kwa makusudi, maana nchi hii ilijua kutunza daftari kabla haijajua kompyuta. Nendeni Nizwa mkasimame penye Falaji Daris, mfereji wetu wa kale wa maji. Maji yanatoka chini ya ardhi, kwenye kisima wanachokiita mama wa falaji, yakateremshwa kwa mwinamo mdogo mno mpaka mjini, bila ya pampu wala injini. Falaji zinazotiririka Oman hadi leo ni kiasi cha 3,000. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika urithi wa dunia, zikiwemo Daris na Al-Khatmain kwa upande wa Ad Dakhiliyah, na Al-Jaylah kwa upande wetu wa Sharqiyah. Watalii hupiga picha mfereji wakaondoka. Cha kupigwa picha ni hesabu.

Maji ya falaji hayagawiwi kwa ndoo, hugawiwa kwa muda. Kipimo chake ni athari, ambayo kwa kawaida ni nusu saa, nayo hukatwa mafungu 24 madogo yaitwayo qiyasi. Zamani mchana athari ilipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa kwenye uwanja ulioalamiwa; usiku ilipimwa kwa nyota, na kila kijiji kilikuwa na nyota zake kilizozitumia na mahali pake pa kuzitazamia. Msimamizi mkuu ni wakili. Chini yake yuko arifu, anayejua zamu ya kila mtu na kumwita afungue maji shambani kwake. Yuko na mwenye daftari, anayeandika hisa na mapato, na dalali anayenadi maji yanayouzwa ili falaji ipate fedha za matengenezo. Mtu akifa, hisa yake hugawiwa kwa mirathi, na mtoto wa kike hupata qiyasi zake kama Sharia ilivyosema, hata zikiwa chache kiasi cha kulowesha mitende miwili tu.

Sasa fikirini jina linavyoandikwa katika daftari la namna hiyo. Kijiji kizima kina akina Salim bin Said wanane. Mwenye daftari akiandika "Salim Said" peke yake, keshaiba maji ya watu saba. Kwa hiyo huandika nasaba mpaka pale inapotengana, babu, babu wa babu, na kabila. Na daftari hilo halikuwa siri ya mtu mmoja. Mwenye hisa alikuja mwenyewe akasimama penye kivuli, akaona kimefika kwenye alama yake au hakijafika, na akiona amepunjwa alisema papo hapo mbele ya watu. Arifu hakuchaguliwa kijana wa kupita njia. Alichaguliwa mtu mzima, mcha Mungu, ambaye ndugu wawili wanaogombana watakubali neno lake.

Tuutazame Al Shifa, mfumo wa kompyuta wa hospitali zetu, kwa macho hayo. Wasomaji wanakumbuka kwamba uliundwa na watu wa Wizara ya Afya wenyewe kuanzia miaka ya 1990, haukununuliwa kwa kampuni ya nje, na umeenea katika vituo zaidi ya 200. Nchi iliyokuwa na hospitali mbili tu mwaka 1970 iliwekwa nafasi ya 8 kati ya 191 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2000. Najivunia hayo, na nayasema kila ninapokwenda Unguja. Lakini mfumo huo wote, kuanzia chumba cha daktari mpaka maabara, wodi na dirisha la dawa, unapita kwenye mlango mmoja mwembamba, nao ni dirisha la usajili. Hapo ndipo penye mama wa falaji. Pakitiwa tope hapo, hakuna atakayekunywa maji safi huko chini.

Na anayekaa dirishani hapo ni nani? Mara nyingi ni kijana wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kuhamishwa, mbele yake foleni ya watu arubaini, na hakuna hata mmoja katika foleni hiyo anayemwona kuwa ni mtu wa maana. Tumemvika daktari heshima yote, na arifu wetu tumemwacha na kiti kilichovunjika mgongo.

Nililiona hili kwa mama yangu. Alirudi kutoka Unguja katika miaka ya sabini na pasi yenye majina matatu, bila ya kabila, na mwaka wa kuzaliwa wa kukisia. Jina lake lina herufi ya Kiarabu ambayo maandishi ya Kiingereza hayana. Wasiojua Kiarabu huona Hamed, Hamad na Hamid kuwa ni mtu mmoja aliyeandikwa ovyo, na kumbe ni majina matatu mbalimbali. La mama lilikuwa na shida ya jinsi hiyo. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilimfungulia faili kwa herufi za pasi yake ya zamani. Miaka baadaye akafunguliwa faili la pili kwa herufi za kadi ya uraia, hii wenyewe huku wanayoiita bitaka. Mzio wake wa penisilini ulikuwa umeandikwa katika faili la kwanza. Usiku mmoja alipopelekwa na homa ya mapafu, lililofunguliwa kwenye kioo ni la pili, na mahali pa mzio palikuwa peupe.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa Kerala. Sindano ilikuwa tayari kwenye trei. Akamwinamia mama na Kiarabu chake cha taratibu, akamwuliza: "Yumma, kuna dawa inayokudhuru?" Mama akanigeukia mimi akasema kwa Kiswahili, "Mwambie ile ya hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyonivimbisha midomo." Nikatafsiri. Trei ikaondolewa. Kompyuta ilikuwa imeshajibu kwamba hakuna kitu. Aliyemwokoa mama yangu ni mtu aliyeuliza tena.

Kwa hiyo nashikilia, na nitaendelea kushikilia, kwamba mgonjwa aoneshwe faili lake na awe na haki ya kulisahihisha papo hapo, kama mwenye hisa penye kivuli. Kuficha kwa kisingizio cha siri si kulinda amana. Siri ya mgonjwa ni kwa wengine, si kwake mwenyewe.

Nirudi kwenye ndoa, maana nafasi imebaki ndogo. Selimundu si ugonjwa wa aibu ya ukoo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonesha kwamba mwenye chembe ya urithi moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana ilishamiri kwenye pwani zetu na mabonde yetu. Katika damu ya Waomani zimeonekana asili zake tatu, ya upande wa Uarabuni na India, ya Afrika Magharibi, na ya Kibantu. Damu yetu nayo ina daftari la safari za majahazi. Wanaobeba chembe hiyo nchini ni kiasi cha asilimia 6, nao hawaumwi. Wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kumpata mtoto mgonjwa, na pale binamu wanapooana hesabu hiyo hukutana nyumba moja mara nyingi zaidi.

Sasa mchumba wa Ibra na mchumba wa Nizwa wanapimwa katika vituo viwili, majibu yakutane kwenye mfumo. Namba ya bitaka ndiyo inayoyaunganisha, na ikiingizwa sawa kazi imekwisha. Ikikosewa tarakimu moja, au jibu la utotoni likibaki kwenye faili lenye herufi nyengine, tutakuwa tumewahakikishia vijana jambo tusilolijua. Anayekwenda kupimwa, kabla hajakunja mkono wa kanzu kwa sindano, amwombe karani amgeuzie kioo asome namba na nasaba yake kamili. Na amwombe kwa adabu, amwite ndugu yangu, amshukuru.

Mafaili ya mama yaliunganishwa baada ya safari nne. Tangu hapo kila anapofika dirishani husogea karibu, Kiingereza hakijui lakini amehitimu Kurani, na huifuata nasaba yake ya Kiarabu kwa kidole juu ya kioo, jina la baba, la babu, la babu wa baba, mpaka kabila. Foleni humsubiri.