Hasi Moja ya Samatta

Haya wajukuu, sogeeni tupige hesabu ya mechi moja. Ilichezwa tarehe 1 Februari 2020, mjini Bournemouth, Uingereza. Mbwana Samatta wetu alikuwa anacheza kwa mara ya kwanza katika Ligi Kuu ya huko, amevaa jezi ya Aston Villa. Kipindi cha kwanza Bournemouth wakafunga mawili. Kipindi cha pili Samatta akapachika moja kwa kichwa, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga katika ligi hiyo. Mpira ukaisha 2–1, Villa wamelala.

Sasa kuna hesabu iitwayo jumlisha-toa. Ukiwa uwanjani na timu yenu ikafunga, unaongezewa moja. Ikifungwa, unapunguziwa moja. Haiulizi nani kafunga wala nani kazubaa. Mpigieni Samatta: mawili yaliingia akiwa ndani, moja akalifunga mwenyewe. Kabaki na hasi moja. Na beki yeyote wa Villa aliyecheza mwanzo hadi mwisho naye ana hasi moja ileile. Tena Samatta alipofunga, Bournemouth walikuwa kumi, Jefferson Lerma ameshalambwa kadi nyekundu. Namba haijui hilo nalo.

Msidhani waliobuni hesabu hii walikuwa wajinga. Ilianzia kwenye hoki ya barafu, klabu ya Montreal Canadiens ya Kanada, miaka ya 1950. Kule mchezaji huingia, akakimbiza chini ya dakika moja, akatoka kupumzika, mwenzake akaingia. Kikosi kinachanganywa usiku kucha, kwa hiyo unaweza kuona timu inakuwaje fulani akiwepo na inakuwaje asipokuwepo. Hata hivyo wenyewe wakaweka tahadhari: bao la timu iliyozidi watu kwa sababu ya adhabu ya wapinzani halihesabiwi. Mpira wa kikapu nao una nafuu yake, maana timu moja ya NBA hupita pointi 100 kwa usiku mmoja. Namba zikiwa nyingi namna hiyo, bahati hupungua nguvu.

Soka je? Mabao mawili au matatu mechi nzima, na wengi walioanza ndio wanaomaliza. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe.

Chukueni Leicester City ya msimu wa 2015–16, wale waliotwaa ubingwa ambao hakuna aliyeutarajia. Walifunga mabao 68, wakafungwa 36. Kipa Kasper Schmeichel na beki Wes Morgan walicheza kila dakika ya mechi zote 38. Toa 36 kwenye 68: kila mmoja ana 32. Nani bora kati yao? Namba imenyamaza, kwa sababu hawakuwahi kutengana hata dakika moja. Ni sawa na wapishi wanaoingia jikoni pamoja na kutoka pamoja: pilau likiwa tamu, utamsifu nani? Ile 32 ni ya Leicester nzima, imeandikwa tu kwenye migongo ya watu wawili.

Halafu kuna siku za ajabu. Tarehe 27 Agosti 2022 Liverpool waliwafunga Bournemouth 9–0. (Maskini Bournemouth, leo nimewaandama.) Msimu ule wote Liverpool walimaliza wakiwa na tofauti ya mabao 28. Yaani karibu theluthi moja ilipatikana alasiri moja! Mchezaji aliyekuwa anauguza paja siku hiyo alikosa tisa, wala hakuharibu chochote.

Wataalamu wamejaribu kuirekebisha hesabu hii. Wanaangalia ulicheza na akina nani, dhidi ya nani, nyumbani au ugenini. Inasaidia, lakini mabao hayaongezeki kwa kurekebishwa. Mimi ningeitumia kuuliza maswali tu, nisimuuze mtu kwa sababu yake.

Najua mmoja wenu atasema: basi tumwangalie mchezaji akihama. Vizuri. N'Golo Kanté alitoka Leicester kwenda Chelsea mwaka 2016. Tofauti ya mabao ya Chelsea ikapanda kutoka 6 hadi 52, wakawa mabingwa. Ya Leicester ikaporomoka kutoka 32 hadi hasi 15. Mnataka kusema yote ni Kanté, eti? Ngojeni. Chelsea walikuwa wamepata kocha mpya, Antonio Conte, na mwaka huo hawakuwa na mechi za Ulaya za kuwachosha katikati ya wiki. Leicester nao walikuwa Ligi ya Mabingwa, wakafika robo fainali, na katikati ya msimu wakamfukuza kocha wao, Claudio Ranieri. Chukueni kalamu mnigawie: katika yale mabao 46 waliyopanda Chelsea, Kanté mpeni mangapi, Conte mangapi, na usingizi wa katikati ya wiki mangapi?