Mbiu au Barua?

Zamani lilipotokea jambo la mji mzima, mpiga mbiu alizunguka mitaani na pembe yake, na kila mwenye masikio akasikia. Jambo la mtu mmoja liliandikiwa barua, ikapelekwa mlangoni kwake. Wazee wetu hawakuzichanganya njia hizi mbili. Sisi, katika mitambo ya kompyuta na simu, tunazichanganya, na gharama yake humwangukia mwananchi, hasa wa visiwani.

Tuchukue mfano. Watu 1,000 walioko Pemba wanapotazama kwa intaneti kikao kinachorushwa kutoka Unguja, kwa kawaida mtambo humpelekea kila mmoja nakala yake. Nakala moja ikihitaji megabiti 2 kwa sekunde, basi megabiti 2,000 zitavuka bahari, nazo zote ni picha ileile! Hiyo ndiyo njia ya barua.

Mwaka 1989 Steve Deering, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika kanuni za njia ya pili, iitwayo maltikasti. Hapa mtambo hutoa nakala moja tu. Ruta za njiani ndizo zinazoizidisha, tena pale tu njia zinapoachana, na kuipeleka upande wenye mtu aliyeomba kuipokea. Wawe watazamaji 10 au 10,000, bahari huvukwa na megabiti 2.

Msomaji mwenye haraka atasema tuichukue hiyo, maneno yamekwisha. Hayakwisha. Maltikasti hutaka kila ruta ya njiani ikubali kuibeba, na makampuni mengi ya intaneti hayaipitishi baina yao. Tena pakiti ikipotea, kwa kawaida hairudiwi: picha kukatika kidogo si neno, lakini hesabu ya mishahara kupungua tarakimu ni balaa. Wala haimfai mwanafunzi wa Micheweni anayetaka kulirudia somo la jana kwa wakati wake. Kwa hiyo ndani ya mtandao wenye msimamizi mmoja, kama wa Serikali au wa chuo, njia hii ni akiba kubwa. Kwa umma ulioenea huku na huko, heri kuweka ghala la nakala karibu na watazamaji.

Penye roho za watu hapana nafasi ya kubahatisha. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu Mei 2024, kila saa ya tahadhari ilikuwa na thamani. Ujumbe mfupi wa kawaida hutaka orodha ya namba, kisha hupanga foleni, namba moja baada ya nyingine. Ipo njia ambayo mnara wa simu hutangaza mara moja kwa simu zote zinazoupokea, hata ya mgeni aliyeshuka botini asubuhi, bila kujua namba ya mtu. Uholanzi imeitumia tangu 2012. Mvuvi aliyevuka upeo wa mnara hataipata, naye redio bado ni yake.

Lakini majibu ya hospitali yabaki kuwa barua. Afisa atakayeletewa mkataba wa mitambo hii aulize mapema: ruta zote, hadi ya mwisho kisiwani, zinabeba maltikasti? Tangazo la mnara limejaribiwa Tumbatu na Kojani, au ofisini tu? Asipojibiwa, asitie saini.